Mikono ya Gunia kwenye Chumba cha Ngozi

Ninyi mliobaki kwenye chumba cha ngozi hapa Iringa, siku nilipostaafu mlinichinjia kuku wa kuniaga, mkanivisha blanketi, halafu mkasema, "Baba, tuandikie mambo ya zamani." Haya, nimeandika. Msitafute vyeo humu, wala mshahara. Hivyo vina mafaili yake, na faili halijawahi kumpaka mtoto mafuta. Mimi darasa la nne sikulimaliza, na mwandiko wangu mnaujua, umekaa kama umejikuna. Lakini ninachokisema nakijua kwa mikono hii, na asiyetaka kusoma aache.

Kabla ya hospitali nilikuwa mbeba magunia kwenye mashine ya mpunga Rujewa. Nyie mnaokula wali wa Mbarali mkausifia harufu, hamjui shingo ya aliyeubeba. Vumbi la pumba linaingia chini ya kola, jasho linalishika, na mpaka jioni shingo inawaka kama umelala kwenye upupu. Sisi wabebaji tulikuwa na mbinu yetu. Unachukua kipande cha shuka la zamani au khanga ya mama yako iliyochakaa, unakizungusha shingoni, unakishusha mpaka begani, halafu gunia linakaa juu yake. Kitambaa kipya hakifai, kipya nacho kina makali. Kinachotakiwa ni kile kilichofuliwa mpaka kimekata tamaa. Kikumbukeni hicho kitambaa.

Mgongo uliponikatalia magunia nikapanda Mbeya, nikapata kibarua cha usafi hospitalini. Kufagia, kusukuma vitanda, kubeba mitungi ya oksijeni. Asubuhi moja nilikuwa napita na ndoo kubwa ya mafuta ya mgando begani, nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu.

"Wewe baba! Mafuta yangu unayapeleka wapi?"

"Stoo, Sista. Nimeambiwa stoo."

"Aliyekuambia stoo hana watoto wanaojikuna. Lete humu."

Huyo ndiye Sista Yusta, Mbena wa Njombe, muuguzi aliyesomea ngozi, mfupi, na miwani yake imefungwa kamba ya kiatu. Nilipoitua ndoo akanishika mkono, akaugeuza, akausugua kwa kidole gumba.

"Hii ni mikono au pasi ya mkaa?"

"Ni mikono, Sista."

"Ina nguvu. Nahitaji mtu wa kunishikia watoto na kunikorogea dawa, huyu niliyekuwa naye amehama. Ila kwa mikono hii utawachuna wanangu."

Akanipa beseni la maji ya uvuguvugu na kopo la mafuta. Kila asubuhi, kabla ya kugusa mtoto yeyote, niloweke mikono, niikaushe kwa kuigandamiza na taulo, siyo kusugua, halafu niipake. Kwenye droo yake alikuwa na soksi ndefu ya nailoni, ile ya kinamama. Alikuwa ananivisha mkononi na kuivuta taratibu. Ikinasa uzi kwenye sugu, ananiambia neno moja tu, "Beseni." Nikarudi kwenye beseni kutwa, wiki zikapita. Siku soksi ilipoteleza kama samaki, Sista hakunisifu. Aliniwekea mtoto mapajani, akasema, "Anza na miguu."

Wabebaji wenzangu wa mitungi walinicheka mpaka wakachoka. "Baba Mafuta! Leo umebembeleza wangapi?" Kinamama nao hawakupenda mwanzoni. Mmoja alimficha mtoto ndani ya kitenge akasema, "Mwanaume mzima na ndevu zake, ndiye anapaka?" Nikamjibu, "Ndevu hazipaki, mama. Lete mtoto." Mimi sijui maneno matamu. Lakini watoto hawakuwa na neno na mimi. Mtoto anayewashwa hana habari na jinsia ya mkono, anajua tu kama mkono unamuumiza au unampoza.

Sista alinifundisha kuona. Alisema ugonjwa tunaoutibu sana una jina refu la kizungu, watu wa huku tunauita pumu ya ngozi, na jina la huku lina akili, kwa sababu ni ndugu wa pumu ya kifua na ndugu wa mafua ya msimu wa maua. Wanatembea kwenye ukoo mmoja. Alikuwa na picha za kizungu ukutani, zote ngozi nyekundu. Akaniambia, "Hizi ni za wenye ngozi nyeupe. Ukingoja ngozi ya Mbeya iwe nyekundu utangoja mpaka mtoto aoe. Yetu inakuwa nyeusi zaidi, au ya kijivu kama jivu la jana, na ukipitisha mkono unakuta vipelepele kama kuku aliyenyonyolewa." Kwa hiyo tuligusa, kwa upande wa nyuma wa vidole, ambako mkono bado una aibu.

Mtoto mchanga, angalia mashavu. Akikua, angalia mikunjo, ndani ya kiwiko, nyuma ya goti, shingoni. Uliza kama anajikuna usingizini. Uliza kama nyumba nzima inajikuna, maana nyumba nzima ikijikuna, na katikati ya vidole kuna vijipele, huo ni upele, una dawa yake, na wanatibiwa wote mpaka mjomba aliyekuja kutembea. Duara kichwani lenye nywele zilizokatika, hayo ni mapunye. Majimaji ya njano na ukoko, vijidudu vimeingia kwenye michubuko, usipake tu ukajidanganya, mwite daktari. Mimi sikuwahi kuandika dawa hata siku moja. Nilikuwa nasema, "Sista, njoo uguse hapa," na mara nyingi alipogusa alinyamaza kidogo, halafu akaandika. Kwake kunyamaza kule ndiko kulikuwa kunisifu.

Matibabu yenyewe mnayajua, ila nitayasema kwa sababu nayatamani. Maji ya uvuguvugu, siyo ya moto. Mama wa huku juu, kwa baridi yetu, akiona ngozi imepauka anachemsha maji, anamsugua mtoto na sabuni ya mche mpaka atoe mlio, halafu anamweka karibu na jiko la mkaa. Yote kwa upendo, na yote yanaikausha ngozi kama mhogo juani. Ukimtoa majini, mgandamize na kitambaa, na kabla ngozi haijakauka, mpake mafuta mazito, mengi, kuelekea vinyweleo vinakolala. Penye moto, ile krimu ya dawa, kipimo chake kuanzia pingili ya mwisho mpaka ncha ya kidole, inatosha eneo la viganja viwili. Hapo mama wawili watakupa kazi. Mmoja anaiogopa kwa sababu amesikia ni mkorogo, anapaka kama anatia chumvi kwenye chai. Mwingine ameipenda mno, anainunua duka la dawa bila kuandikiwa na anajipaka yeye usoni. Kaeni na wote wawili, mwongee.

Na msiahidi kuponya. Sista alikuwa anasema, "Pumu ya ngozi haifukuzwi, inafugwa." Wengi inawaacha wakikua. Wengine inakaa nao, inalala, inaamka. Ukiahidi kuponya, ikiamka wanakwenda kwingine, na huko kwingine kuna mtu ana chupa ya kitu kinachochoma.

Sasa nifike kwa Tumpe, kwa sababu nikikaa hapa barazani kwangu Kihesa jioni, ndiye anayekuja.

Tumpe aliletwa na mama yake na bibi yake mzaa baba, kutoka milimani juu ya mji, kwenye viazi na pareto, ambako Julai majani yanaamka meupe kwa baridi. Alikuwa ameanza kusimama akishika vitu. Mashavu yamepasuka, shingo imekuwa nene na nyeusi, mikono inavuja. Alikuwa hajui kucheza, anajua kujikuna. Bibi yake ndiye aliyeongea. Mama alikaa pembeni, binti mdogo wa Iyunga, kule chini mjini, aliyeolewa juu, macho chini.

Sista aliuliza kama kawaida. "Kwenu kuna mwenye pumu ya kifua? Au anayepiga chafya sana msimu wa maua?"

Yule binti akajibu kwa unyoofu, "Kaka yangu ana pumu, Sista. Yupo Iyunga."

Bibi akapiga makofi mara moja. "Mmesikia? Amejisema mwenyewe! Sisi kwetu ngozi safi. Wazee wamekwisha kukaa. Mtoto asipopona, huyu anarudi kwao Iyunga, mjukuu anabaki kwangu, nitamwogesha mwenyewe. Maji ya moto na majani."

Nilimwona Sista akifunga macho. Tangu siku ile swali lile aliliuliza kila mama akiwa peke yake, na ninyi mfanye hivyo hivyo. Ni swali la kitabibu, lakini mbele ya mama mkwe ni ushahidi mahakamani.

Tukamlaza Tumpe wodini. Tulimfunga bandeji mbili, ya ndani imeloweshwa maji ya uvuguvugu, ya juu kavu, mafuta na krimu chini yake. Mama alikuwa mwanafunzi kuliko sisi wote. Alipaka asubuhi, alipaka jioni, alimwimbia akipaka. Ngozi ikatulia. Mtoto akawa anatambaa kuifuata ndoo yangu. Tukawaruhusu. Hawakukaa sana, wakarudi, na shingo ni ileile. Tukatuliza tena, wakaenda, wakarudi tena. Mara hii Bibi hakukaa hata kwenye benchi. Alisema akiwa amesimama, "Sista, ndaga, asante kwa kazi. Wakati wa Krismasi ukoo unakutana. Huyu binti aanze kufunga vitu vyake."

Mama Tumpe alinifuata kule ninakosafishia ndoo. Alisema kwa sauti ya chini, "Baba, wakinirudisha, huyu mtoto atasuguliwa. Mimi napaka kama mlivyonionyesha. Nakosea wapi?"

Nilimwambia, "Hukosei," na hilo ndilo jambo pekee nililokuwa na hakika nalo.

Nikamwendea Sista. Akasema, "Hapa anatulia, nyumbani anaamka. Dawa ni ileile, mkono ni uleule. Angalia kinachobadilika."

Jumapili, saa ya kutazama wagonjwa, Bibi akaja na sufuria ya ndizi. Kitu cha kwanza, akamvua mjukuu shati la wodi, akatoa kwenye kikapu sweta la manjano na kofia yake, akamvisha, akafunga vifungo mpaka kidevuni. Sweta zuri, siwezi kusema uongo. Alikuwa ananunua masweta ya sufu ya mitumba pale sokoni, anayafumua, anazungusha nyuzi, anafuma upya. Kila mjukuu wake alikuwa nalo. Kule kwao sweta la bibi halivuliwi na mkamwana, ukilivua umemvua bibi mwenyewe. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza, akaanza kusugua kidevu kwenye kola.

Bibi alipoondoka Sista akalivua. Alipitisha kidole shingoni, pale kola ilipokaa, kikafuata mstari wa ile ngozi nene toka sikio hadi sikio. Akaenda kwenye vifundo vya mikono, mstari mwingine, pale mikono ya sweta inapoishia. Aliniangalia juu ya miwani.

"Sweta halikuleta ugonjwa," akasema. "Alizaliwa nao. Lakini linauamsha kila siku."

"Basi tumwambie."

"Nimwambie mimi? Juzi ameniuliza nimezaa wangapi. Na mkamwana akilivua, hiyo Krismasi haifiki. Nenda wewe. Wewe anakuheshimu kidogo, unabeba vitu."

Mnanijua, mimi ni mtu wa kusema moja kwa moja. Nilipanga kumwambia Bibi kwamba sweta lake linamchuna mtoto, basi. Sista akanishika mkono, ule mkono alioulainisha mwenyewe. "Mikono umejifunza," akasema. "Sasa lainisha mdomo."

Jumapili iliyofuata nikamkaribisha Bibi chai kwenye kijumba cha nyuma tunachochemshia maji. Nikamweleza habari za Rujewa, za pumba, za gunia. Akacheka. "Kumbe wewe mtu wa bondeni Usangu! Ndiyo maana huna haraka."

"Mama," nikamwambia, "damu yangu haikuwa na kosa. Gunia halikuwa na kosa. Vilikuwa havipatani tu. Naomba nikuonyeshe kitu. Nipe mkono, kunja nguo mpaka juu ya kiwiko. Hili sweta la mjukuu tuliweke hapa ndani, kwenye mkunjo, halafu tunywe chai."

"Mchezo gani huu?"

"Wa wabeba magunia."

Akakubali kwa sababu chai ilikuwa na maziwa. Tukazungushia sweta kwenye kiwiko chake, akaukunja mkono, tukaongea habari za viazi na mvua. Hatukufika chini ya kikombe. Vidole vyake vya mkono mwingine vikaanza kuingia chini ya sweta, vikitoka, vikirudi.

"Mama, unajikuna."

"Linatekenya kidogo tu."

"Na wewe ngozi yako imelima. Ya Tumpe imezaliwa juzi."

Akalivuta sweta kwa hasira kidogo, akalitupa mapajani. Na hapo ndipo nikaona kitu ambacho hatukukipanga. Ndani ya mkunjo wa kiwiko chake kulikuwa na alama ya zamani, nyeusi, ngozi nene yenye mistari kama gome. Siyo ya siku ile. Ya miaka. Niliijua kwa kuiona tu, nilikuwa nimezigusa nyingi.

Akaona nimeiona.

"Hii ya utotoni," akasema. "Ilikwisha yenyewe."

Nilikuwa na maneno tayari ulimini. Sisi kwetu ngozi safi, si ndivyo alivyosema? Mimi wa Rujewa ningemrudishia palepale na kupiga makofi kama yeye. Nikakumbuka beseni. Nikamwongeza chai.

Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu. Bibi aliikunjua nguo yake polepole, akafunika kiwiko. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mama yangu alikuwa ananipaka mafuta ya ng'ombe. Kila jioni. Nilikuwa nalala kwa sababu ya mkono wake." Akalichukua sweta, akaligeuza ndani nje. "Sasa hiyo baridi ya kwetu, avae nini? Akae uchi?"

"Avae hilihili. Sisi Rujewa tulikuwa tunaweka kitambaa kilichochakaa chini ya gunia."

Akafikiri. Akasimama, akafungua kikapu, akatoa khanga aliyofungia sufuria, imepauka hata maandishi hayasomeki. Akaisugua shavuni kwake. "Hii nilimbebea baba yake," akasema. Akaomba mkasi.

Aliishonea ile khanga ndani ya sweta papo hapo, mwili, mikono, kola, mpaka kofia. Sindano yake ilikuwa inakimbia. Nilimweleza na habari ya maji ya moto na jiko la mkaa. Akauliza uvuguvugu ndiyo kiasi gani, nikamchovya kiwiko kwenye beseni, kiwiko kilekile.

Hakuwahi kusema alikosea. Wala sikumdai. Kabla ya Krismasi walikuja kliniki, yeye, mama Tumpe, na mwanawe Ambakisye, baba wa mtoto, kijana mpole aliyekuwa anakunjakunja kofia. Shingo ya Tumpe ilikuwa bado nyeusi, rangi hiyo inachelewa kuondoka, lakini ilikuwa laini, na mtoto alikuwa anatembea na kuangusha vitu vyetu. Ambakisye akamwuliza mama yake pale pale mlangoni, kwa woga, "Mama, sasa wazee niwaambie nini kuhusu huyu kurudi Iyunga?"

Bibi alimtazama kama mtu aliyeuliza swali la kipumbavu kanisani.

"Arudi wapi? Wewe una akili? Akirudi huyu, nani atampaka mtoto mafuta?"

Akamnyang'anya mkamwana kikapu, akatangulia kutoka. Mama Tumpe alibaki amesimama katikati ya chumba, ameweka kiganja mdomoni. Sista Yusta akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Nadhani ilikuwa ile soksi.

Baadaye nilihamishiwa Iringa, mkanipokea ninyi. Pumu ya Tumpe iliamka na kulala mara kadhaa, nilisikia, na mama yake aliifuga. Sista alistaafu akarudi Njombe, na huko ndiko alikozikwa. Nilikwenda. Nilishika jeneza kwa mikono aliyoitengeneza yeye, na hakukuwa na mtu wa kunikagua.

Sasa nina shamba dogo hapa Kihesa, mahindi na maharage. Jembe linairudisha mikono yangu ilikotoka. Sugu zimeanza, soksi ingenasa. Mama watoto ananicheka kwa sababu kila asubuhi bado naloweka mikono kwenye beseni, nagandamiza na taulo, napaka. "Unaenda kumpaka nani wewe?" ananiuliza. Asubuhi saa za kliniki mwili unaamka wenyewe, unatafuta harufu ya yale mafuta, unatafuta kile kilio kinachopungua pole pole chini ya kiganja mpaka kinakuwa pumzi, halafu usingizi. Sijapata kitu kingine duniani kinachofanana na mtoto aliyekuwa anawashwa akilala mapajani mwako.

Mna mashine mpya, mna krimu mpya, mna simu za kumpiga picha mgonjwa. Vizuri. Lakini juzi nilipita kuwasalimu, "Kamwene!", mkaniitikia wote mmekaa mezani, na kwenye benchi la nje kulikuwa na mama ameshika kopo la mafuta halijafunguliwa, mtoto anajikuna mapajani mwake. Sikusema kitu, nimelainisha mdomo. Nilikaa naye tu. Sasa nawauliza ninyi alichouliza yule Bibi mlangoni, nani atampaka mtoto mafuta, na jibu lake msiniletee mimi. Mpelekeeni yule mama wa kwenye benchi.